Kilichovunjika: Tulipe au Tutengeneze?

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa mtaa wetu alitueleza habari ya sahani ya jirani yake. Aliiazima kwa ajili ya arusi, ikaanguka na kupasuka vipande viwili. Kesho yake alinunua nyingine mpya, nzuri kuliko ile ya kwanza, akaipeleka. Jirani aliipokea na kushukuru, lakini tangu siku hiyo salamu zake zimepoa. Mama akatuuliza, "Mwalimu, nimekosa nini? Si nimelipa, tena kwa ziada?" Tulimwomba atupe muda. Haikuwa kwamba swali ni gumu mno, bali sisi wenyewe tulipata kuvunja kitu cha watu, nacho kilikuwa cha plastiki, urefu wake hauzidi kiganja cha mkono, na mpaka leo tunalifikiri jambo lile.

Mwaka 2011, wakati wa likizo ya chuo, tulialikwa na mtaa mmoja wa kaskazini mwa Uingereza ulio na uhusiano wa kidugu na sisi, tukakaa huko majuma sita. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na minne, fundi mstaafu wa simu, mtu wa maneno machache. Mchana alitutembeza. Jioni, baada ya chakula, alipanda ghorofani katika chumba kidogo alichokiita karakana, na humo mlikuwa na treni zake.

Hapa yafaa tueleze kidogo, maana si wasomaji wetu wote waliopata kuona mambo hayo. Huko Uingereza, na Ujerumani pia, watu wazima wengi hukusanya mifano midogo ya treni na kuiendesha juu ya reli zilizopigiliwa mezani. Si mchezo wa watoto tu. Mfano wa kawaida wa Kiingereza umepunguzwa mara sabini na sita kuliko treni yenyewe, na umeme wa volti 12 hupita katika reli, ukaingia katika magurudumu na kuzungusha mota ndogo ndani ya injini. Zamani vitu hivi vilikuwa vya bati. Treni za Hornby zilipoanza kuuzwa mwaka 1920 zilitiwa ufunguo kama saa ya mezani. Baada ya vita kuu ya pili ikaja plastiki. Mwaka 1950 kampuni ya Rovex ilitoa treni ya plastiki, mwaka uliofuata kampuni hiyo ikanunuliwa na Lines Bros, na treni zake zikauzwa kwa jina la Tri-ang. Mwaka 1954 wakafungua kiwanda katika mji wa Margate. Plastiki ilishusha bei, na watoto wa watu wa kawaida wakapata treni. Lakini bati likipondeka unaweza kulinyoosha. Plastiki huvunjika, na hapo ndipo ilipoanzia kazi ya mzee wetu.

Siku ya tano alitupa mkononi injini moja nyeusi, ndogo, ya Tri-ang. Ilikuwa mfano wa zile injini za kupangia mabehewa stesheni zilizopewa jina la utani Jinty, ambazo zaidi ya mia nne zilijengwa kuanzia mwaka 1924. Tuliishika kwa mikono miwili kama alivyotufundisha. Tukaigeuza tuone magurudumu. Ikatuponyoka, ikagonga ukingo wa meza, ikaanguka chini.

Kila injini ina visahani viwili mbele na viwili nyuma, vya kupokea kishindo behewa linapoigonga. Watu wa reli huviita bafa. Bafa ya kushoto ya mbele ilikatika pamoja na kona ya ubao iliposhikilia. Kipande kimoja tulikiona. Cha pili, kidogo kama punje ya mchele, kilipotelea katika zulia.

Neno la kwanza lililotoka kinywani mwetu lilikuwa, "Tutalipa." Mzee hakukasirika. Alitutazama tu akauliza, "Utalipa nini, Mwalimu?" Tukadhani anakataa kwa adabu. Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minne, aliyekuwepo chumbani, alikimbilia kompyuta, na kabla hatujamaliza kuomba radhi alikwisha kuona injini ya namna ile ile, nzima, inauzwa. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli tuliyotumia juma lile. Tukafurahi. Kosa letu lilikwisha kupata bei, na bei tunaiweza! Mzee akasema, "Ile si hii," akashuka kunywa chai.

Mkewe ndiye aliyetueleza tulipokuwa tukiosha vikombe. Injini ile waliipewa watoto wawili siku ya Krismasi mwaka 1956, yeye na mdogo wake. Mdogo alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu. Pembeni mwa injini, chini ya rangi, mnaonekana ukiangalia kwa makini alama za kisu, herufi ya kwanza ya jina la yule mtoto, naye alichapwa kwa kuikwaruza.

Twakiri kwamba usiku ule tulilala vibaya. Hata hivyo swali lililotusumbua halikuwa la huzuni tu. Tulijiuliza: kwa nini tulikimbilia kulipa? Mtu avunjapo kitu cha mwenziwe, kuna mambo mawili yanayomkaa moyoni, nayo yafanana sana. Moja ni kutaka mwenziwe apate tena alichopoteza. La pili ni kutaka yeye mwenyewe atoke katika aibu, upesi, kabla ya kulala. Fedha hutimiza la pili vizuri mno. La kwanza hulitimiza pengine tu, wakati kitu chenyewe ni kama vingine vyote vya namna yake, mathalani kibiriti, au daftari lisiloandikwa. Sisi tulikuwa tumekwisha kuamua, kwa niaba ya mwenye mali, kwamba mali yake ni ya namna hiyo.

Kesho yake mzee alituita. Alichukua mashine ya kufyonza vumbi, akavalisha mdomo wake soksi nyembamba ya nailoni ya mkewe, akaifunga kwa mpira, akapitisha juu ya zulia polepole. Kila baada ya hatua alizima mashine na kutazama soksi. Ilishika nywele, uzi, pini, skrubu mbili alizozitafuta tangu mwaka uliopita (alifurahi mno kwa hizo skrubu), na mwisho ile punje nyeusi. Twawapa wasomaji wetu ujanja huo bure.

Kisha akatuambia tukae mezani. Hakufanya yeye. Alitufanyisha sisi, naye akaelekeza.

Tulijifunza kwanza kwamba neno plastiki ni kama neno mti. Mninga na mpapai yote ni miti, lakini huwezi kuifanyia kazi moja. Plastiki ngumu iliyo katika mifano mingi huitwa polistaireni. Hiyo haihitaji gundi. Huungwa kwa kimiminika kiyeyushacho, mathalani butanoni. Tone moja likiguswa kwa ncha ya brashi penye ufa hukimbia lenyewe ndani ya ufa, huyeyusha pande zote mbili, nazo hukauka zikiwa kitu kimoja. Ukizidisha tone, unayeyusha na sura ya kitu. Dirisha liwe wazi, maana mvuke wake si wa kuvuta. Gundi ya papo kwa papo, ile wengi wetu tuiitayo supagluu, hushika upesi, lakini huacha ukungu mweupe juu ya rangi na juu ya vioo vya madirisha ya behewa, tena kiungo chake hakipendi kugongwa. Na kwa sababu bafa kazi yake ni kugongwa, gundi peke yake haitoshi hata kidogo. Ilitubidi kutoboa tundu katika kila kipande kwa keekee ya kushika vidoleni, jembamba kama uzi, na kupitisha kijiti cha waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita, mfano wa msumari ndani ya mfupa. Tulivunja ncha tatu za keekee. Kazi ya kipande kisichojaza kijiko cha chai ilituchukua jioni nne.

Katika jioni ya pili kijana alileta injini nyingine iliyokuwa ikitembea kwa kuruka, tik, tik, kila gurudumu lizungukapo. Mzee aliifungua akatuonyesha gurudumu la meno la plastiki lililopasuka. Lilisukumwa kwa nguvu juu ya mhimili wa chuma kiwandani, nalo kwa miaka mingi limejikunja hata likachanika kati ya jino na jino. Tukatoa brashi yetu kwa fahari ya mwanafunzi mpya. Akatuzuia. "Hili sibandiki. Likibandikwa litachanika tena, na safari hiyo litaharibu na mengine." Akaagiza jipya. Kumbe mzee huyu hakuabudu vitu vya zamani! Kilichobeba nguvu alikibadilisha bila kusita, na waya wa umeme uliochakaa aliutupa siku hiyo hiyo, maana humo mna hatari ya moto. Kuna na vitu visivyotengenezeka. Miili ya zile treni za kwanza kabisa za Rovex ilikuwa ya selulosi asetati, nayo plastiki hiyo hupinda kwa umri kama ubao mbichi. Mzee alikuwa nayo moja, imejikunja mgongo. Hakuwahi kuinyosha. Alisema kwamba akijaribu kuinyosha ataivunja kwa ajili ya kujifurahisha yeye.

Na sisi tulimfundisha jambo moja, twaliandika kwa majivuno kidogo. Alikuwa na kiungio cha behewa cha plastiki ile ya utelezi isiyoshika gundi yoyote. Tukamwambia kwamba kwetu ndoo na beseni ni za jamaa hiyo hiyo, na fundi wa mtaani hahangaiki na gundi. Huchukua kisu cha moto na kuyeyusha ufa, au hutoboa matundu pande zote mbili na kushona kwa waya. Alicheka sana. Lakini usiku ule ule alikishona kiungio kwa waya mwembamba wa shaba, mishono mitatu, na siku iliyofuata kilivuta mabehewa sita.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni ukweli. Bafa yetu ilipokauka, tukaisugua na kuipaka rangi nyeusi, ufa haukuonekana. Tukauliza kama si udanganyifu kuficha. Akafungua kisanduku cha injini, akatoa kadi ndogo. Ilikuwa na orodha tangu mwaka 1983: tarehe, sehemu iliyotengenezwa, na kilichotumika. Kila injini ilikuwa na kadi yake.

Kisha akatueleza kwa nini alianza kadi hizo. Katika miaka ya sabini aliuza injini moja kwenye soko la wakusanyaji. Bomba lake la moshi alilibadilisha yeye, kazi safi, hakuna awezaye kujua. Mnunuzi hakuuliza, naye hakusema. Baada ya miaka kadhaa walikutana tena, na yule mtu, pasipo kujua, alimwonyesha rafiki zake injini ile kwa furaha akiwaambia kwamba haijaguswa tangu kiwandani. Mzee alisimama pale, akanyamaza mara ya pili. Alisema kwamba kunyamaza kule kwa kwanza kulikuwa biashara, bali kwa pili hakujui jina lake. Alimwandikia baadaye na kumrudishia fedha. Yule mtu alizipokea, lakini injini alikaa nayo.

Tunafikiri hapo mzee aligusa kitu ambacho sisi walimu tulizoea kukifundisha vibaya. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba uongo ni kusema lisilokuwapo. Lakini tazama treni hizi zenyewe. Reli za kweli za Uingereza zina upana wa milimita 1435. Ukigawanya kwa sabini na sita, reli za mfano zingekuwa karibu na milimita 19. Wao hutumia milimita 16.5. Treni zote hizo zimesimama juu ya reli nyembamba mno, kwa makusudi, tangu kabla ya vita, na kila mkusanyaji ajua hilo. Hakuna anayedanganywa. Kwa hiyo kitu kisicho kweli chaweza kuwa hakina uongo ndani yake, na kitu kilicho kamili machoni chaweza kuwa na uongo, kutegemea nani anajua nini. Ufa uliofichwa kwa rangi si dhambi. Dhambi huja pale mtu aliyeweka imani yake juu yetu anapoachwa aamini lisilo kweli, nasi tukafaidika.

Wengine watauliza: baada ya kutengenezwa mara nyingi, bado ni kitu kile kile? Swali hilo ni la kale. Plutarko aliandika kwamba Waathene walihifadhi merikebu ya Theseo, wakabadilisha kila ubao uliooza, hata wenye hekima wakabishana kama bado ni merikebu ile. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza ugumu: je, kama mtu alikuwa akiokota zile mbao kuukuu na kuzijenga tena, ipi ndiyo yake Theseo? Wanafunzi wetu chuoni walipenda fumbo hilo, na sisi tulilipenda kwa sababu lilimaliza kipindi bila chaki.

Mzee alituonyesha kwamba kwa watu wa reli si fumbo. Ipo injini mashuhuri iitwayo Flying Scotsman, iliyojengwa Doncaster mwaka 1923. Boila yake imebadilishwa zaidi ya mara moja, maana ndivyo karakana za reli zilivyofanya kazi: injini iliingia, boila ikatolewa ikatengenezwe, nayo ikapewa nyingine iliyokwisha kuwa tayari, isikae bure. Makumbusho ya Taifa ya Reli yaliyoko York iliinunua mwaka 2004, ikatengenezwa kwa miaka mingi na gharama kubwa, ikarudi njiani mwaka 2016. Hakuna anayesema kwamba si Flying Scotsman. Lakini ipo nyingine iitwayo Tornado. Injini arobaini na tisa za aina yake zilijengwa mwaka 1948 na 1949, zote zikakatwa chuma chakavu. Wapenzi wa reli wakachanga fedha, wakajenga moja mpya kabisa huko Darlington, boila yake ikatoka Meiningen, Ujerumani, na ikamalizika mwaka 2008. Hawakuipa jina wala namba ya mojawapo ya zile zilizokufa. Waliiita ya hamsini. Hapo twaona busara kubwa. Ile ya kwanza ina chuma kingi kipya, lakini haikuwahi kuachwa. Daima palikuwa na mtu aliyeishika mkono, kwa kusema hivyo. Zile arobaini na tisa mkono uliziachia, na waliojenga upya hawakudai kwamba wamewafufua wafu.

Kwa hiyo yule kijana hakukosea kusema kwamba injini ya kwenye kompyuta ilikuwa ya namna ile ile. Ilikuwa ndugu yake ya kiwanda kimoja. Ila haikuwa imepita mikononi mwa mtoto yule mwenye kisu.

Jambo moja tulilijadili bila kukubaliana. Siku hizi watu hutengeneza ukungu wa silikoni kutokana na sehemu nzima, wakamimina plastiki ya maji, na kupata nakala. Wengine hutumia mashine za kuchapa vitu, tabaka juu ya tabaka. Je, si kuiba kazi ya aliyebuni? Mzee alitutajia kesi ya mwaka 1986, ambapo kampuni ya magari ya British Leyland ilitaka kuwazuia Armstrong wasitengeneze mabomba ya moshi ya kubadilishia katika magari yake. Mahakama ya juu kabisa ya wakati ule, yaani Jumba la Malodi, iliwakatalia, kwa kuwa aliyenunua gari ana haki ya kulitengeneza. Sisi twaona hiyo ni haki kwa kitu ambacho mtengenezaji ameacha kukiuza. Lakini pale fundi mdogo anapoishi kwa kuuza bafa anazochonga mwenyewe, na mwingine ananunua moja ili amimine mia, hatuwezi kuliita hilo kutengeneza. Mzee aliona tunakaza mno. Na wenye viwanda nao wana lao la kujibu. Tangu Julai 2021 sheria ya Uingereza yawataka wanaouza mashine za kufulia na friji wawe na vipuri kwa miaka kadhaa. Vitu vya kuchezea havimo.

Twajua kuna msomaji ambaye amekwisha kuchoka nasi. Rafiki yetu mmoja, mganga mstaafu, tulipomsimulia habari hii alisema wazi, "Watu hawana dawa, ninyi mnashona plastiki jioni nne." Ni neno zito, wala hatutaki kulipuuza. Kama jioni zile nne zingeweza kuwa dawa ya mtu, ingetupasa kuiacha bafa. Lakini tuseme kweli, jioni zetu nyingi haziwi dawa ya mtu, wala haziwi kitu chochote. Tena yule mwenye haraka ya kubadilisha sahani, twamwogopa kidogo anapofika kwenye mambo makubwa. Chuoni tulipata mwanafunzi mwenye kigugumizi. Wenzetu wakasema apelekwe kazi nyingine, achukuliwe mwingine, kwani waombaji ni wengi. Nasi tulikubali, maana waombaji kweli walikuwa wengi. Hatujui angekuwa mwalimu wa namna gani. Jambo hilo halikuandikwa katika kadi yoyote.

Yule mama wa sahani tulimjibu Jumapili iliyopita. Tulimwuliza alifanya nini na vile vipande viwili. Akasema alivitupa shimoni usiku ule ule, jirani asivione. Tukamwambia kwamba kwa maoni yetu hapo ndipo palipokosewa, si katika sahani mpya. Huenda sahani ile haikuwa na thamani yoyote, na jirani angevitupa yeye. Huenda ilikuwa ya mama yake. Mwenye kujua ni mwenye sahani, naye hakuulizwa. Mama alinyamaza, kisha akasema shimo halijajaa. Hatukuuliza zaidi.

Mzee wetu alifariki mwaka 2019. Miezi michache baadaye tulipokea kifurushi kutoka kwa mjukuu wake. Ndani mlikuwa na ile injini nyeusi, na kadi. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa mzee, ulisema: Agosti 2011, bafa ya kushoto mbele, imeangushwa na Mwalimu, imeungwa na Mwalimu, butanoni na waya wa shaba.

Hatuna reli za kuiendeshea. Hukaa juu ya rafu ya vitabu, na watoto wanaokuja kusoma kwetu jioni huishika, kwa mikono miwili. Majuma matatu yaliyopita mmoja wao, msichana wa darasa la nne, aliiangusha. Bafa yetu ilistahimili, ila ukingo wa bomba la moshi ulibanduka. Alilia, akasema baba yake atalipa. Tumekiweka kipande katika kisanduku cha kiberiti, naye amepewa akitunze mpaka ipatikane butanoni. Tumeagiza mjini kwa mtu asafiriye na basi la Ijumaa. Wapo waliotushauri tutumie supagluu, lakini itaacha ukungu.